Jinsi ya Kuchangamkia Fursa za Utafiti Bila Kuzipata

Hongera kwa kuhitimu. Joho umesharudisha, keki imeliwa, na mama mdogo ameshaanza kukuita Daktari ingawa shahada yako ni ya bayoteknolojia. Kilichobaki ni kupata ufadhili wa utafiti, au angalau kuonekana unautafuta. Mwongozo huu ni wa hilo la pili. Ukiufuata vizuri utakuwa na shughuli mwaka mzima, utaombewa dua na ndugu wote, na hakuna atakayekuita kwenye usaili.

Anzia kwenye makundi ya WhatsApp. Jiunge na yote yenye neno "fursa" na picha ya ndege inayopaa. Tangazo likiingia, lisambaze kwanza. Kulisoma ni kazi ya hao uliowasambazia. Ukilazimika kusoma, soma kiasi cha fedha tu. Erasmus Mundus hutoa euro 1,400 kwa mwezi: zigeuze kuwa shilingi, shilingi zigeuze kuwa matofali na mabati, na ukishamaliza kuezeka ndipo uulize hiyo shahada inahusu nini. Masharti yaache. Chevening wa Uingereza wanataka angalau saa 2,800 za uzoefu wa kazi, yaani kama miaka miwili. Wewe peleka maombi wiki moja baada ya mahafali, huenda wakakuhurumia. DAAD wa Ujerumani kwa kawaida hawapokei mtu ambaye shahada yake ya mwisho imepita miaka sita, kwa hiyo hao wawekee mwaka wa saba.

Sasa barua ya motisha. Hapa pana ufundi wake, maana barua nzuri inaweza kukuponza ukaitwa. Fungua kwa utoto: tangu ukiwa mdogo umependa sana sayansi. Endelea na umbali wa shule, jembe la baba na taa ya koroboi. Hayo yote yanaweza kuwa kweli, na anayesoma maombi anaweza kukupa pole ya dhati. Ila ana rundo la barua mezani, na koroboi zinawaka katika nyingi. La kuepuka kabisa ni swali. Ukiandika kwamba mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, nawe unataka kujua kwa nini mahindi ya ghala moja yawe na sumu na ya ghala la jirani yawe salama ilhali mvua ilikuwa ileile, mtu wa DAAD huko Bonn ataweka kikombe chini na kuisoma aya hiyo mara mbili. Umeshaharibu. Swali likikuwasha, lifukie chini ya uendelevu, ubunifu, akili unde na maendeleo jumuishi.

Wapo waliopuuza ushauri huu na yakawakuta. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliingiza maziwa ya aiskrimu kwenye friji yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa. Badala ya kula aiskrimu yake kimya kimya, akauliza kwa nini. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza swali lilelile Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu aliyekuja kutoka Dar es Salaam, wenzake wakamcheka. Osborne aliporudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Huyo fundi ndiye wa kuigwa. Mpemba yeye aliishia kuandikwa kwenye jarida la Physics Education mwaka 1969, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina lake.

Barua za wadhamini nazo zina utaratibu. Mhadhiri asikujue kwa miaka yote mitatu: kaa nyuma, sainiana mahudhurio na rafiki yako, na filidi kaifanye ofisini kwa shemeji ukipanga mafaili. Kisha, siku moja kabla ya dirisha la maombi kufungwa, saa nne usiku, tuma ujumbe: "Shikamoo Prof. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni mwanafunzi wako wa zamani. Naomba barua, ni ya haraka." Jina usiweke. Akiuliza wewe ni nani, mjibu, "Yule wa 2022." Usimwambie unaomba nini wala kwa nani, na wasifu wako usimtumie, asije akapata la kuandika.

Akitokea Prof wa kusema, "Andika mwenyewe, mimi nitasaini," hapo umepata. Jisifu kuanzia utosini hadi unyayoni. Andika kwamba katika miaka yake thelathini ya kufundisha hajapata kuona kichwa kama chako, halafu wapelekee wadhamini wote watatu maneno hayohayo, pamoja na kosa lilelile la tahajia kwenye mstari wa pili. Kwa hili, lakini, mwanafunzi asibebe lawama peke yake. Mwenye darasa la watu mia tatu hawezi kuwajua wote, sawa. Ila anayemwachia kijana ajisifu mwenyewe amemnyima kitu pekee kilichofanya barua ile idaiwe, yaani jicho la mtu mwingine.

Vya karibu vidharau. Kule Ifakara, katika bonde la Kilombero, utafiti wa magonjwa ulianza tangu Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara miaka ya 1950. Kijana anayejifunza kazi ya mbu anaweza kujikuta amekaa nje usiku, suruali imekunjwa hadi magotini, akisubiri mbu watue mguuni awanyonye kwa mrija kabla hawajamnyonya yeye. Mwenye digrii hafanyi hivyo. Kilifi, mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome ulioanza 1989 hupokea wahitimu wapya wajifunze utafiti kwa vitendo. Nairobi kuna icipe, kituo cha wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, ambacho kimekuwa kikilea wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1983. Tatizo la Kilifi na Nairobi ni kwamba unafika kwa basi, na kinachofikiwa kwa basi hakiwezi kuitwa fursa. Fursa ina ndege.

Mafunzo yenyewe waachie panya. Panya buku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, hukaa mafunzoni miezi kadhaa na hawapangiwi kazi mpaka wafaulu mtihani. Wewe ulishafaulu mtihani wa mwisho. Kujifunza tena kutaonekanaje?

Tarehe ya mwisho ndiyo ya kuanzia. Dirisha likifungwa saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa za Ujerumani, majira ya baridi, Dar es Salaam itakuwa saa nane kasoro dakika moja. Mungu amekuongezea saa mbili. Zitumie kuzunguka mtaani ukitafuta steshenari iliyo wazi ya kuskani transkripti. Bando likate ukiwa kwenye ukurasa wa mwisho.

Ikitokea kwa bahati mbaya umeitwa kwenye usaili, watakuuliza unataka kuchunguza nini. Jibu, "Chochote mtakachonipa," kisha tabasamu.

Na majibu yatakapotoka, nafasi akaipata yule binti mliyesoma naye, aliyekwenda Ifakara kuhesabu mbu mlipokuwa mkimcheka, usimuulize aliandika nini. Waambie watu ana mjomba wizarani. Wakikukumbusha kwamba fedha zimetoka Bonn, sema mjomba ana marafiki.