Kiu ya Betri

Gereji ya nyumbani nje kidogo ya Augusta, jimbo la Georgia, Marekani. Kigari cha gofu cha umeme kimepandishwa juu ya matofali, kikitazama ukuta. Mota yake imeng'olewa na kulazwa sakafuni karibu na betri zake sita. Mahali pake pamefungwa injini mpya ya petroli ya silinda moja, jamii ya zile za jenereta.

INJINI: Shikamoo, mzee. Usinichukie, mimi nimeletwa tu. Kigari kilikuwa kinazimika kabla ya kumaliza mtaa, mwenyewe kachoka. Ndiyo maana kaamua kukiwekea gesi.

MOTA: Marahaba, bwana mdogo. Tuanze na hiyo gesi yako. Wamarekani huiita petroli gesi, nayo inachezacheza koponi kama maji. Dereva wa bajaji wa Dar es Salaam akisema ameweka gesi, ujue ameipa petroli talaka na sasa anajaza gesi asilia. Huku mtu akisema hivyo ndiyo kwanza anapeleka posa. Nairobi nako iko kampuni ya Roam, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, ikatoa injini kwenye magari ya safari na kuweka mota za ukoo wangu. Sasa nani anakwenda mbele na nani anarudi nyuma? Na hilo la kurudi nyuma tutalifikia.

INJINI: Ya Nairobi hayatuhusu. Ninyi mlikufa.

MOTA: Nani kafa? Mimi nina brashi za kaboni, beringi na koili, basi. Niunganishe sasa hivi uone kama sitazunguka. Waliodhoofu ni hawa sita. Kila mmoja ana volti 6, wakifungwa mfululizo wanatoa 36, na mmoja akilegea anawaburuta wenzake watano, kwa hiyo mtu asiyewapima mmoja mmoja husema wote wamekwisha. Na wamelegezwa na nini? Betri hizi za risasi na asidi hunywa maji. Kila zinapochajiwa, maji kidogo hugeuka haidrojeni na oksijeni yakapotea hewani, hivyo lazima mtu afungue vifuniko, achungulie, aongeze maji ya betri. Yakishuka chini ya sahani za risasi, sehemu iliyobaki wazi inaharibika. Ukiziacha bila chaji majira yote ya baridi, salfeti inagandamana kwenye sahani kama ukoko wa wali, na chaja haiubandui. Betri iliyotunzwa hufika miaka mitano, pengine zaidi. Hizi zimeangamia mapema, na umeme hauna kosa hapo. Mtu kamnyima punda maji, punda kaanguka, naye kaenda mnadani kutangaza kwamba punda ni mnyama mbovu, kisha karudi na ngamia, akiamini kwamba huyu hataomba maji kabisa.

INJINI: Betri sita mpya ni ghali, mzee. Mimi nimepatikana kwa bei nafuu.

MOTA: Umenunuliwa wewe peke yako, kama mtu aliyenunua kitasa akasahau mlango. Bado bamba la kukushikilia, klachi, mkanda, tangi, kebo ya mafuta na ekzosi. Kisha oili, plagi, chujio, na kabureta itakayoziba petroli ikilala humo miezi mitatu. Aliyeshindwa kumimina maji kwenye tundu, ndiye atakayekumbuka kubadilisha oili? Nakubali, lipo shamba la mbali lisilo na soketi, na huko petroli ina haki yake. Basi mwenye shamba anunue kigari kilichoundwa kwa petroli tangu kiwandani. E-Z-GO na Club Car, wote wa eneo hilihili la Augusta, wamekuwa wakiviuza miaka mingi. (Mji huu nao una vituko: unaunda vigari vya gofu, na kwenye mashindano yake ya gofu ya Masters wachezaji wanatembea kwa miguu.)

INJINI: Na huo umeme unaojivunia unatoka kwenye makaa ya mawe.

MOTA: Sehemu yake, ndiyo, na sehemu nyingine gesi asilia. Lakini hapo kusini mwetu, kwenye mtambo wa nyuklia wa Vogtle, vinu viwili vipya vilianza kazi mwaka 2023 na 2024, vikawa vinne. Chanzo kikibadilika, mimi nabadilika pamoja nacho bila kuguswa bolti. Wewe una kinywaji kimoja tu, na katika kila lita nne unazokunywa, tatu hazisogezi tairi hata shubiri moja. Zinaishia kuwa joto, moshi na kelele. California ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kukomesha uuzaji wa injini mpya ndogo za bustani, ndugu zako wale wa mashine za kukatia nyasi.

BETRI: Jamani, msinisifu kupita kiasi. Mimi nina sumu.

MOTA: Ni kweli. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia watu risasi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Sasa hoja hiyo inamshitaki nani? Kila betri inayokufa kwa kiu ni risasi inayopelekwa tanurini kabla ya wakati wake. Anayeogopa sumu aongeze maji! Lakini ninyi wenye vigari mnaona haya kukiri uvivu wa dakika kumi kwa mwezi, mkaubatiza jina la ufundi, mkakata vyuma wikendi nne na kupiga picha mkiwa mmejipaka grisi.

INJINI: Yameisha, mzee. Kesho kigari kinashushwa, nami nitanguruma hadi barabarani.

MOTA: Kinatazama ukuta.

INJINI: Kitarudi nyuma kwanza.

MOTA: Mimi nikigeuziwa umeme kwenye koili, nazunguka kinyume. Wewe unazunguka upande mmoja maisha yako yote.

INJINI: Difu atanigeuzia.

DIFU: Mimi sina gia ya nyuma. Sikuwahi kuwa nayo.