Sifa za Mlalamishi wa Kituo cha Chai

Wengine na wawasifu machifu na wabunge. Mimi namsifu mlalamishi, yule mzee asiyekosekana kwenye vituo vya kununulia chai huku Kianjokoma. Foleni ni ndefu, ukungu wa Mlima Kenya umeshuka, naye anaisoma risiti ya mizani ya dijitali kana kwamba ni wosia wa babake.

"Kijana, kilo moja imeenda wapi?"

"Mzee, mashine ndiyo imesema."

"Na hiyo mashine imewahi kuchuma chai?"

Watu wanaguna. Laiti wangejua wamesimama nyuma ya nani! Mashirika huwalipa washauri mamilioni ili wawatafutie kasoro za mifumo. Huyu huzitafuta bure, tena kwenye mvua. Mtaalamu wa Nairobi huona kwenye skrini kwamba kila kitu kiko sawa. Mlalamishi huona gunia lililolowa, wino wa risiti unaofifia, na kilo za jirani zilizoingia kwenye namba yake.

Wasomi walimkosea heshima. Mwaka 1984, Blake Ives na Margrethe Olson walipitia tafiti kuhusu kuwashirikisha watumiaji katika kuunda mifumo ya habari, wakaona ushahidi wa faida zake bado ni hafifu. Tuwasamehe, hawakupanga foleni naye. Wauza chai wa London, J. Lyons, walikuwa wameshaerevuka. Kompyuta yao, LEO, ilianza kazi za biashara mwaka 1951. Baadaye ilipokabidhiwa kugawa vyakula kwa migahawa yao, bado wasimamizi wa migahawa ndio waliosema kwa simu kipi kiongezwe na kipi kipunguzwe.

Kisha kuna jambo ambalo mameneja husahau upesi. KTDA, inayosimamia chai ya wakulima wadogo kama huyu, ilianzishwa mwaka 1964 kama shirika la serikali. Mwaka 2000 ikawa kampuni. Wenye hisa ni viwanda, na wenye viwanda ni wakulima. Kwa hiyo huyo mnayemwita msumbufu wa mfumo ndiye mwenye mfumo, na hiyo risiti anaikagua kama mwajiri.

Basi, waheshimiwa wakurugenzi, kabla ya kununua programu nyingine, mwiteni kwanza. Mpeni kiti na chai ya maziwa, mumsikilize mpaka amalize. Atawachosha, lakini mfumo uliokataa kuchoshwa naye utawagharimu zaidi siku ya bonasi.