Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Meneja wa Mikopo

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Mikopo, katika benki ambayo kwa kulinda murua wake sitaitaja jina.

Nakuarifu kwamba jawabu lako limenifikia salama, ndani ya bahasha safi yenye muhuri, nami nimelisoma kwa utulivu ambao uzuri wa maandishi yake uliustahili. Niliomba mkopo wa shilingi milioni sita ili nifungue karakana katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu mama yangu, hapa Mjini Unguja, mahali ambapo mimi na wenzangu tungeshona kofia za mkono na kuwapamba maharusi kwa hina. Nawe, kwa upole ambao watu wa cheo chako hawalazimiki kuuonyesha, umenifahamisha kwamba ofisi yako haikopeshi fedha kwa mambo ambayo wanawake huyafanya kwa mapenzi yao majumbani mwao, ukanishauri nitafute biashara inayoeleweka, kama vile kuuza simu au vyombo vya plastiki vitokavyo ng'ambo. Nashukuru kwa nasaha. Nakujibu hadharani kwa sababu hekima ya namna hiyo ni hasara kufungiwa kabatini.

Hoja yako nimeifahamu. Kazi ni ile inayomchusha mtendaji wake. Mtu aamkaye alfajiri akinung'unika, akaketi nyuma ya meza asiyoipenda hadi alasiri, akihesabu siku zilizosalia mpaka mwisho wa mwezi, huyo ndiye mfanyakazi, na riziki yake ni halali. Ilhali mwanamke ambaye vidole vyake humtuma aishike sindano hata siku isiyo na mnunuzi, ambaye akiona nakshi ya mlango wa kale husimama njiani akaikariri moyoni ili usiku aihamishie kwenye kitambaa, huyo anacheza, na anayecheza hastahili kulipwa, sembuse kukopeshwa. Lau ningaliarifiwa mapema kwamba mapenzi ni kasoro ya biashara, ningaliandika katika maombi yangu kwamba kushona kunaniudhi na kwamba harufu ya hina hunitia kichefuchefu, na bila shaka ningalionekana mtu wa kuaminika.

Kwa kuwa siku nilipoleta maombi ofisini kwako ulikuwa na shughuli nyingi, hukupata wasaa wa kuniuliza kofia hushonwaje. Kitambaa cheupe cha pamba hukatwa duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, tabaka mbili mbili, kisha nakshi huchorwa kwa penseli. Na mchoraji hodari hajulikani kwa wingi wa maua yake, bali hujulikana pale ukanda unapokutana mwisho kwa mwanzo bila ua hata moja kukatika. Hapo ndipo vinapoanza viua. Kila kijitundu hutobolewa kwa ncha, ukingo wake ukazungushiwa uzi kwa sindano, mshono ubavuni mwa mshono, hadi tundu lisimame wazi, na matundu ya kofia moja ni mamia kwa mamia. Mshonaji huishika kazi hiyo baada ya kupika na kufua, na tena usiku watoto wakishalala, ndiyo maana kofia iliyo njema huchukua miezi. Akiuvuta uzi kwa pupa kitambaa hukunjamana, na siku kofia itakapofuliwa na kutiwa wanga, aibu yake itaonekana safu ya mbele msikitini. Mashine hutoa kofia nyingi kwa siku moja, nazo ni nafuu na zina wanunuzi wake. Lakini mtu anayekwenda kuposa, au kuapishwa, au kukaa mbele ya umma siku ya Idi, haendi na kofia ya mashine ikiwa ana uwezo wa kuiepuka.

Nayasema haya, Mheshimiwa, kwa sababu kofia uliyokuwa umeivaa ulipokuwa ukinieleza kwamba kushona kofia si biashara ilikuwa ya viua, na mkono ulioishona naujua: ni wa mmoja wa wenzangu niliowaorodhesha katika ukurasa wa tatu wa maombi uliyokuwa umeyashika. Yeye alimwuzia mchuuzi kofia hiyo kwa bei ambayo nachelea kuitaja mbele ya watu, na mchuuzi akaiuza dukani Darajani kwa bei ambayo huenda wewe usingependa mkeo aijue. Baina ya bei hizo mbili ndipo biashara inapokaa, nami nakiri kwamba mshonaji hayumo humo. Yumo mchuuzi, ambaye hawezi kutia uzi katika tundu la sindano, na ambaye, kwa habari zilizonifikia, ofisi yako imemkopesha zaidi ya mara moja kwa kuwa biashara yake inaeleweka.

Wala si jambo la leo. Kanga, vazi ambalo watoza ushuru na wenye maduka wa pwani hii wamelifaidi kwa zaidi ya karne moja, husimuliwa kwamba lilitokana na wanawake waliokuwa wakinunua leso zilizopigwa chapa katika jora, wakazikata tatu kwa tatu, wakaziunga upande kwa upande mpaka zikawa nguo moja pana kwa nusu ya gharama na mara mbili ya uzuri. Wafanyabiashara walipoona yanayotendeka wakaagiza ng'ambo kitambaa kilichokwisha kuungwa. Tarehe imetuhifadhia jina la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza duka lake mwaka 1887, ambaye hutajwa kuwa ndiye aliyetia maneno katika kanga, na alama yake ya Mali ya Abdulla ingali inasomeka hadi hivi leo. Simwonei kijicho, alifanya kazi nzuri na kanga zake nazivaa. Jina la bibi wa kwanza aliyechukua mkasi na kukata leso halijulikani, na hiyo ni rehema kwake, maana kama lingalijulikana angaliulizwa leseni.

Lakini aliyenisumbua zaidi akilini tangu nilipoondoka ofisini kwako ni mwimbaji Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba takriban mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa, akalelewa katika ufinyanzi, na akawa akichukua vyungu vyake hadi mjini huku akiimba ili wanunuzi wamsikie anapokuja. Mwaka 1911 alihamia mjini. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, akaimba kwa Kiswahili mbele ya mashine za kampuni ya HMV, na sahani zake za santuri zikauzwa pwani nzima na bara, watu wakakusanyika mikahawani kusikiliza sauti ya mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu. Sasa tujaalie kwamba kabla ya kupanda meli alipita mezani kwako. Dhamana: vyungu, baadhi vikiwa vibichi. Elimu: hakupitia skuli. Mdhamini: wapiga ala, watu ambao wenyewe wanahitaji mdhamini. Madhumuni ya mkopo: kuvuka bahari kwenda kuimba ndani ya chumba kisicho na wasikilizaji. Ungalimtazama kwa huruma, ukamwagizia chai labda, ukamwambia: mama, vyungu vinaeleweka, rudi Fumba. Nami nadhani angaliitikia kwa adabu, kisha akatoka nje akakutungia wimbo, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akiwafanyia watu waliomchokoza, na wewe leo ungalikuwa mtu mashuhuri.

Siti alifariki mwaka 1950. Baada ya hapo mwandishi Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA, kikaliita jarida lake Sauti ya Siti. Kadhalika mwimbaji Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, ambaye aliwatia watu hina, akawafunda wari katika unyago, akapiga ngoma kwa nguvu iliyowaaibisha vijana, hata mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX huko Ulaya. Umri wake haukujulikana kwa yakini mpaka alipoaga dunia tarehe 17 Aprili 2013, na fomu yako, yenye sehemu ya tarehe ya kuzaliwa iliyozungushiwa mstari mwekundu, isingalimruhusu apite hata mlangoni. Siku hizi akija mgeni wa heshima Unguja huambiwa kwamba hawa ni fahari yetu na urithi wetu. Sanaa ya mwanamke, inaonekana, hukomaa ikawa mali mara tu mwenyewe anapozikwa. Kwa hiyo nakuomba radhi kwa kuleta maombi yangu ningali hai.

Tuje kwenye dhamana. Uliniomba hati ya nyumba. Mirathi ya mama haijagawanywa, hati iko kwa kaka yangu mkubwa, na fungu langu la kisheria limo ndani ya kuta zile bila shaka yoyote, ila hakuna awezaye kuniambia ni dirisha lipi. Nilikuonyesha daftari la upatu wetu, ambamo wanawake kumi na wawili tumekuwa tukitoa kila mwezi, mmoja akipokea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuichukua zamu yake akatoroka, ijapokuwa hapana wakili, hapana muhuri, na mshika fedha ni mjane anayezificha ndani ya debe la unga. Ulilirudisha kwa ncha ya kidole. Nasikia hamna upungufu wa wadaiwa sugu wenye hati nzuri mno za nyumba.

Wenzetu wa Tanzania Bara walipata faraja mwaka 2018, sheria iliporekebishwa ili kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria njema, na sifanyi mzaha ninaposema hivyo, ingawa mwaka 2023 utoaji wake ulisimamishwa kwa muda baada ya fedha nyingi kutojulikana zilikokwenda. Isipokuwa mwanamke hukopeshwa akiwa ndani ya kikundi. Jambo hili linafaa sana kwa kufuga kuku; sijui litafaaje kwa mtunzi wa mashairi, au kwa mchora hina, maana mkono wa bibi harusi hauwezi kushikwa na watu watano kwa pamoja, kila mmoja na ua lake, katibu akiandika kumbukumbu za kikao.

Nisije nikasahau kukushukuru kwa tarehe 8 Machi, siku ya wanawake. Kila mwaka ofisi yako hutujengea hema, ikatuwekea meza iliyotandikwa kitambaa, ikatuita wajasiriamali kwa kipaza sauti, na wewe mwenyewe hupita ukiishika bidhaa moja moja mbele ya mpiga picha, ukiuliza bei kwa sauti kubwa, ukaomba upunguziwe kwa sauti ndogo. Vitenge vya sare wanavyovaa wafanyakazi wenu siku hiyo vilishonwa nasi. Malipo ya vile vya mwaka jana yangali katika hatua ya kuidhinishwa, na nimekwisha kuuliza mara kadhaa hatua hiyo ina urefu gani.

Kwa kuwa nia yangu ni kuijenga ofisi yako, nathubutu kupendekeza kwamba fomu iongezwe sehemu ambamo mwombaji ataapa mbele ya kadhi au hakimu kwamba hana kipaji chochote, hajawahi kuota ndoto juu ya kazi yake, na yu tayari kuiacha mara tu itakapoanza kumfurahisha. Atakayeshindwa apewe ushauri nasaha na kalenda ya benki.

Limebaki jambo moja dogo. Ijumaa iliyopita mkeo alinijia, mwanamke muungwana asiye na habari ya barua zetu, akaagiza hina na piko kwa ajili ya binti yenu anayeolewa baada ya mfungo, mikono hadi viwiko na miguu hadi magoti, pamoja na wari sita watakaomsindikiza. Nilimkubalia kwa furaha, kwani kusaga majani ya mhina, kuyachunga kwa kitambaa laini na kuyakanda kwa ndimu hadi yatoe rangi ni kazi ninayoipenda, kama ulivyokwisha kubaini. Ila kwa kuwa sina mtaji, na kwa kuwa nimejifunza kwako namna mambo yanavyoendeshwa, naomba kabla ya kuanza uniletee nusu ya malipo kwa fedha taslimu, wadhamini wawili, mmoja wao akiwa na hati ya nyumba kwa jina lake mwenyewe, barua ya sheha wako, taarifa ya benki ya miezi sita, na uthibitisho wa maandishi kwamba harusi hiyo ni shughuli inayoeleweka wala si jambo linalofanywa kwa mapenzi.

Wasalaam,

Mimi mwombaji wako mtiifu,
Mshona kofia, Mjini Unguja.