Kamba ya Unene Gani, Mwalimu?

Ukitaka kujua Ipuli, hapa Tabora, ina wataalamu wangapi, pita barabarani umeshika kamba. Ukipita na jeneza utapewa pole na kupishwa njia. Ukipita na kamba utasimamishwa kila kona, uulizwe ni ya nini, halafu, kabla hujajibu, uambiwe ni nyembamba.

Yangu ni ya mizinga. Nimestaafu ualimu wa hesabu, kiinua mgongo kimekwenda kilikokwenda, na kilichobaki ni mizinga ya nyuki iliyotundikwa msituni kwenye mitundu na miyombo, urithi wa upande wa mama. Inatundikwa juu kwa sababu chini yuko nyegere, kiumbe asiyejua aibu wala maumivu, anayeweza kuvunja mzinga na kula masega huku nyuki wakimshona mwili mzima. Basi msimu wa kurina ukifika, lazima mtu apande.

Na nieleweke mapema: siwindi nyama. Siku hizi ukikutwa na paja la pongo bila kibali, shauri linaweza kuwa la uhujumu uchumi. Ukikutwa na asali unaombwa ya kuonja. Windo langu ni hilo la pili.

Mjomba wangu hupanda kwa kamba ya gome la myombo, kitanzi kimezunguka yeye na shina, anakirusha juu kidogo, anasogea, anakirusha tena. Mimi nina kitambi cha pensheni na magoti yaliyosimama ubaoni miaka mingi. Nikaamua kupanda kwa vijiti: vipande vya mti mgumu, kila kimoja kimefungwa kwa kamba kukingama shina, kimoja juu ya mwenzake, mpaka kwenye tawi la mzinga. Mpango ulikuwa mzuri. Likabaki swali la kamba, nami, kwa ujinga wa mtu aliyezoea kuuliza maswali darasani, nikaliuliza mbele za watu.

Wa kwanza kujibu alikuwa kijana wa bodaboda anayeegesha karibu na kwangu. Yeye haamini kamba. Anaamini mpira, ule mkanda unaokatwa kwenye tyubu ya tairi, anaofungia magodoro, majunia ya mkaa, makochi, na siku moja mbuzi aliye hai. "Mzee, mpira haukatiki." Kweli haukatiki. Unavutika tu. Kijiti kilichofungwa kwa mpira ukikikanyaga kinainama kama mkwe anayeamkia, na wewe ukiwa mita nne juu ya ardhi hutaki heshima za namna hiyo.

Wa pili ni mtani wangu Mzaramo, ambaye aliletwa Tabora na kazi ya reli na amekataa kurudi kwao. Utani wetu ni wa zamani, wa enzi za misafara, wazee wangu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu na kurudi na vitambaa, wakipita nchi ya wazee wake na kukwaruzana nao njiani. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, na frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Piga hesabu uone alichokuwa nacho begani. Mzigo huo ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena, kambi kwa kambi, na bado ulifika Kazeh, yaani hapahapa petu, ambapo Burton na Speke waliukuta mji wa biashara mwaka 1857. Sijasikia kwamba kuna aliyekaa chini ya mwembe akahojiwa kuhusu unene wa kamba yake.

Mtani lakini anahoji. Akaichukua kamba mkononi, akaivuta, akatabasamu. "Nunua nyembamba zaidi ya hii, Mnyamwezi. Mimi msibani kwako nina haki zangu, na mwaka huu sijala pilau." Kisha akanieleza kwamba kwao Kisarawe mkwezi wa minazi hahitaji ngazi wala semina, anatia kitanzi miguuni na kupanda. Nikamwambia mnazi hauna nyuki. Akasema ndiyo maana Mungu alimpa Mzaramo mnazi.

Mpwa wangu wa Dar es Salaam naye akasikia. Akanitumia video ya wawindaji wa Marekani, wale wanaokaa mtini kutwa nzima wakisubiri kulungu apite. Wana vijiti vya alumini vinavyofungwa kwenye shina, na kamba ya Dyneema, nyuzi za plastiki ambazo kwa uzito uleule zinaushinda waya wa chuma. Milimita tano tu, na inabeba zaidi ya tani moja. Nikafurahi, nikadhani hatimaye nimepata watu walioamua. Kumbe hata wao wanabishana: huyu anasema tano inateleza, yule anasema sita haiingii kwenye kibano. Watu wana alumini, wana kamba ya bei ya ng'ombe, na bado hawajamaliza kikao. "Mjomba," mpwa akaandika, "nikuagizie?" Nikamuuliza nani analipa. Mpaka leo ujumbe umesomwa, jibu hakuna.

Wenye akili kuliko sote ni Wahadza wa pande za Ziwa Eyasi. Wanachonga vigingi, wanavigongelea kwenye mbuyu kwa nyuma ya shoka, wanapanda juu yake, wanarina. Kamba haipo, kwa hiyo na mshauri wa kamba hayupo. Bahati mbaya mbuyu ni mti laini, nami nina mtundu.

Nikaenda mjini kununua. Sitataja duka, maana nataka kurudi pale kwa misumari. Kamba dukani haina milimita. Ina "ya kalamu", "ya kidole" na "ya kufungia ng'ombe", na kidole chenyewe hakisemwi ni cha nani. Nikaomba milimita 10. Muuzaji akakata bila kutazama. "Hii ndiyo kumi, mwalimu." Nilipofika nyumbani nikaizungusha kwenye penseli mizunguko 10, nikaibana ikagusana, nikaweka rula. Sentimita 8. Maana yake milimita 8.

Mama watoto akasema mbili tu hizo, mbona unapandisha presha. Hapa ndipo ualimu unapouma. Nguvu ya kamba haiendi na upana wake, inaenda na eneo la mkato, yaani upana mara upana. Kumi mara kumi ni 100. Nane mara nane ni 64. Nimelipia 100 nimepewa 64, zaidi ya theluthi ya kamba imebaki dukani, na kwa jicho huioni. Tena ukipiga fundo, fundo lenyewe linakula sehemu ya nguvu, mara nyingine karibu nusu. Nilieleza haya yote kwa utulivu. Bodaboda akaniuliza kama theluthi hiyo naweza kuifuata leo hii anipeleke.

Na kamba zenyewe ni plastiki! Bluu, kijani, rangi ya chungwa. Zinang'aa msimu wa kwanza, na zikikaa kwenye jua la Tabora zinachakaa, zinaanza kupukutika vumbi mkononi. Sisi ndio nchi ya katani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na 62 tu ikafika Tanga ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 tukafika, mwaka 1964, kuzalisha tani zaidi ya 230,000. Leo nazunguka soko zima naulizia kamba ya katani, naulizwa, "Ya urembo?" Nilipoipata, muuzaji alikuwa ameiweka karibu na vikapu vya mapambo. Kusema haki, katani nayo ina tabia zake: mvua inaiozesha, na mchwa wakiiona hawahitaji mwaliko. Lakini fundo la katani linashika. La plastiki linakaa likijifikiria, kisha linaachia.

Gome la myombo ndilo lililokuwa jibu la wazee, kamba, vilindo na hata mizinga, vyote kutoka gome. Siku hizi ukiuvua mti gome, maofisa nyuki wanakuvaa, na wana sababu, maana mti uliovuliwa gome pande zote unakufa, na miti inayobaki inagombaniwa na mabani ya kukaushia tumbaku. Mji wetu una chuo kizima cha nyuki. Tuna Sheria ya Ufugaji Nyuki tangu mwaka 2002. Sheria ya kamba hakuna, ndiyo maana kila mpita njia ni hakimu.

Basi nikafanya majaribio kwenye mwembe wa uani, kijiti kimoja, urefu wa goti, watoto wa jirani wamekaa ukutani kama wazee wa baraza. Nilianza na ya milimita 6. Hiyo kukatika haitakatika. Ikiwa mpya inabeba uzito wangu mara kadhaa. Shida ni nyingine. Ukiikaza inakukata viganja, inazama kwenye gome, na baada ya kuikanyaga mara moja fundo linageuka jiwe. Nilibaki nalifungua kwa msumari na meno huku nikitajiwa majina ya wazee waliokuwa na meno bora.

Nikaenda kwenye nene, ile ya ng'ombe. Hapo kila mtu aliguna kwa kuridhika, maana unene unapendeza machoni. Lakini kamba nene haikubali kukunjwa. Kijiti changu ni cha unene wa mpini wa jembe. Ukiizungushia inaacha mwanya kila inapogeuka, na mwanya huo ndio unaokupeleka chini. Nilikanyaga, kijiti kikazunguka, nikajikuta nimekumbatia mwembe kwa mapenzi ambayo mama watoto alisema hajayaona tangu harusi.

Iliyoshika ilikuwa katani ya milimita 10, kumi ya kweli, ya penseli na rula. Nikaizungusha shina mara mbili, nikaipitisha kwenye kijiti kwa msalaba, kisha nikazungusha katikati, baina ya kijiti na shina, ili kuibana ile mizunguko ya kwanza. Hapo katikati ndipo siri yote ilipo, na hakuna mshauri hata mmoja aliyepataja. Kamba ikalia kidogo, ikakaa. Nikasimama juu ya kijiti kwa mguu mmoja, kisha yote miwili, kisha nikaruka. Watoto ukutani wakanyanyuka kwa huzuni wakaenda kutafuta burudani kwingine.

Nikamwita mjomba aje aone. Alifika jioni, akasalimia "Mwangaluka" ingawa jua lilikuwa linazama, kwa sababu anasema asubuhi hatukuonana. Akaigusa kamba kwa kidole gumba. Akavuta fundo. Akazunguka mwembe mara moja, taratibu, mikono nyuma. Bodaboda alikuwepo, mtani alikuwepo, na jirani ambaye mpaka hapo hakuwa na msimamo naye alikuwepo.

"Kamba sawa," mjomba akasema.

Nikapumua. Mtani akashusha uso.

"Ila hiki kijiti," mjomba akaendelea, akikigonga kwa kucha, "ni mti gani? Na mbona chembamba?"

Kikao kimeahirishwa hadi Jumamosi. Bodaboda anapendekeza mninga, unene wa mkono. Mtani anasema mwembamba unatosha, tena mkavu, tena uliokwisha guswa na mchwa.