Gemu za Kuunganisha kwa Waya

Zana za kuprogramu kwa michoro humwezesha mtu kutengeneza gemu bila kuandika msimbo. Hupanga visanduku kwenye skrini, akaviunganisha kwa waya au akavipachika. Scratch, iliyotolewa kwa umma na MIT mwaka 2007, hutumia vipande vinavyopachikana, na kisichofaa hugoma kupachika. Watoto huimudu vizuri. Blueprint, iliyokuja na programu ya kutengeneza gemu ya Unreal Engine 4 mwaka 2014, ni ya watu wazima, na fedheha zake ni za watu wazima.

Humo waya nyeupe huonyesha mfuatano wa matendo. Za rangi hubeba data, nyekundu ikiwa ya ndiyo au hapana. Mgeni huvutiwa na zile za rangi, akaisahau nyeupe. Akibonyeza kitufe cha kucheza, kimya. Wala kosa haliripotiwi, kwani kisanduku cha tendo kisichofikiwa na waya nyeupe hakitekelezwi. Jioni nzima huishia kwenye kukagua hesabu ambazo zilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Balaa kubwa zaidi ni Event Tick, kisanduku kinachoamshwa kila fremu. Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, aliyeomba humo adui mmoja huletewa 60 kila sekunde, na feni ya kompyuta huanza kuvuma kabla shujaa hajapiga hatua. Kitanzi kisicho na mwisho nacho huachwa kizunguke hadi marudio 1,000,000 ndipo mfumo ukikate, subira ambayo walimu wengi wa hesabu hawana.

Gemu ikikua, mchoro hufanana na nguzo ya umeme ambayo mtaa mzima umejiunganishia. Dawa ipo: kukusanya visanduku ndani ya funksheni moja na kuipa jina la maana. Wengi hupendelea kunyoosha waya, kazi tamu isiyoongeza chochote kwenye gemu.

Si kila zana ya aina hii iliyodumu. Godot, programu nyingine ya kutengeneza gemu, iliingiza zana yake ya VisualScript katika toleo la 3.0 mwaka 2018, ikaiondoa katika 4.0 mwaka 2023 kwa kukosa watumiaji: waliojua kuandika msimbo waliandika, na wasiojua walikuta visanduku vikiwadai hesabu zilezile. Unity, mshindani wake, ilikwenda kinyume. Mwaka 2020 iliinunua Bolt, zana ya visanduku na waya, kisha ikaifanya sehemu ya programu yake.