Pasipoti Ndani ya Mashine ya Kufulia

Katika jengo letu hapa Jakobsberg, zamu ya kufua haichezewi. Chumba cha kufulia kiko chini kabisa, kina mashine mbili, kabati la kukaushia na ubao wa zamu ukutani. Kila nyumba ina kikufuli chenye namba ya mlango wake. Unakichomeka kwenye siku na saa unayoitaka, na zamu inakuwa yako. Ukichelewa nusu saa imekufa, jirani ana haki ya kuichukua. Utaratibu huu una umri: chama cha nyumba cha HSB kilifungua chumba cha pamoja cha kufulia kule Södermalm mwaka 1925, na mpaka leo vikaratasi vya majirani waliokasirika hubandikwa kwenye milango ya vyumba hivyo nchi nzima. Mume wangu ni dereva wa basi. Kwake dakika ni dakika, na hajawahi kubandikiwa kikaratasi.

Naanza na zamu kwa sababu ndiyo iliyotaka kumkwamisha binti yetu mkubwa asiende Tanzania kujitolea.

Binti anasoma Chuo Kikuu cha Stockholm, ualimu wa shule ya awali, kozi ya miaka mitatu na nusu. Ameomba kusimamisha masomo kwa muhula mmoja, aende chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi mkoani Tanga. Vyuo hivi wasomaji wa nyumbani wanavijua. Vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya huku Sweden, ambavyo vyenyewe vilianza mwaka 1868. Leo Tanzania ina zaidi ya 50. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, mabinti waliokatishwa shule na ujauzito wanarudi kusoma humo, na watoto wao wanalelewa hapohapo chuoni. Mama yuko darasani, mtoto yuko na mlezi hatua chache tu kutoka alipo. Mimi ukiniuliza, katika mambo yote ambayo nchi hizi mbili zimefanya pamoja, sijaona lililo bora kuliko hilo. Binti anakwenda kuwasaidia walezi wa watoto hao.

Jambo moja nililisimamia tangu siku ya kwanza: haendi kwa viza ya matembezi. Binti yetu alizaliwa huku, ana uraia wa Sweden, na kwa sheria ya Tanzania ni mgeni hata kama bibi yake ni wa Pangani. Anayekwenda kujitolea anatakiwa awe na kibali cha ukaazi cha Daraja C. Nimewaona vijana wa huku wakishuka na viza ya utalii halafu siku ya pili wanaingia darasani kufundisha, na wenyeji wanaona haya kuwakatalia. Huko ni kuvunja sheria ya nchi ya watu huku ukijiita msaidizi. Kwa hiyo barua zikaandikwa, chuo kikaomba kibali kwa niaba yake, namba ya pasipoti ikaingizwa Uhamiaji. Tukashukuru.

Mama mkwe wangu tunakaa naye. Yeye mwenyewe alijifunza cherehani katika chuo kama hicho miaka ya 1980, kwa hiyo alipopata habari hakupiga vigelegele. Alianza kusaili.

"Mke mwenza," akamwita, maana ndivyo bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, "unakwenda kuwafanyia nini wale watoto?"

Binti akamweleza kwamba atacheza nao, atawasomea vitabu, atawasaidia walezi kupanga siku.

"Na uji wao atapika nani? Utapikia nini?"

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa Machi jiko la mkaa likatoka stoo. Ni lile dogo la bati lenye udongo ndani, ambalo bibi alikataa katakata kuliacha Tanga. Mkaa ukanunuliwa dukani, ule wa kuchomea nyama, na darasa likafunguliwa kwenye roshani yetu ya ghorofa ya tatu. Bibi alikaa kitini amevaa koti la baridi na khanga juu yake. Mjukuu amepiga magoti anapepea kwa kifuniko cha boksi. Mafuta ya taa yalipigwa marufuku: vijiti, maganda ya vitunguu yaliyokauka na subira. Moshi ulipanda, ukaingia kwa jirani wa juu, king'ora cha moto kikalia kwake, kisha na cha kwetu. Jirani, mama wa Kisyria, akashuka mbio. Akaonyeshwa sufuria ya uji wa ulezi, akaonja, akarudi kwake kufungua madirisha.

Hilo lilikwisha kwa amani. Lililonitisha ni lililofuata. Upepo ulipozidi, bibi alitaka jiko liingizwe ndani lipashe joto. Nilisimama mlangoni, heshima yote ya ukwe nikaiweka kando kwa dakika ile. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na nyumba za huku zimezibwa kila upenyo kwa ajili ya baridi. Watu hulala wakawa hawaamki. Nikalizima jiko kwa mchanga, ule wanaouweka kwenye masanduku kandokando ya njia kwa ajili ya barafu. Uji ukaivia kwenye jiko la umeme. Lakini binti tangu siku hiyo anajua kuwasha mkaa, na bibi alipunguza maswali.

Ikaja chanjo ya kipindupindu. Ile ya kunywa ni kazi ya Waswidi wenyewe. Jan Holmgren na Ann-Mari Svennerholm wa Chuo Kikuu cha Gothenburg ndio walioihangaikia. Inakaa kwenye friji. Unayeyusha pakiti ya unga kwenye maji baridi kama mililita 150, yanachemka mapovu na kunukia matunda, kisha unatia kichupa cha chanjo na kunywa. Dozi ni mbili, zikiachana angalau wiki moja, na sharti lake ni kutokula wala kunywa chochote saa nzima kabla na saa nzima baada. Mweleze bibi wa Pangani sharti hilo asubuhi ambayo amekaanga maandazi ya hiliki! Aliyafunika, akayafunua, akauliza kama saa imefika, akauliza tena. Kitinda mimba wetu naye alishaiona ile glasi yenye mapovu akadhani ni soda. Nilimkamata mkono ukiwa mezani. Dozi ya pili tuliinywesha usiku bibi akiwa amelala.

Wakati huo habari za safari zilikuwa zimekwisha kufika Kallhäll, Barkarby, mpaka Kista. Walio ughaibuni mnajua kinachofuata. Simu inalia: "Dada, shikamoo, nina mzigo mdogo tu." Viatu vya raba vya mpwa, kahawa, chokoleti za Marabou, miwani ya mzee, simu ya shemeji, nguo za mtoto ambaye hajazaliwa. Dawa za watu nilizikataa. Dawa isiyo ya msafiri inaweza kumtia msafiri mashakani mpakani. Vingine vyote vilipokelewa, kwa sababu wanaovileta ndio waliotubeba sisi tulipofika nchi hii. Ukumbi wa kuingilia ukajaa. Mizigo ikatundikwa hata kwenye vigingi vya makoti, na makoti yakakosa pa kukaa yakarundikwa juu ya kapu la nguo chafu.

Jioni ya zamu yetu, binti alirudi kutoka kliniki alikochanjwa homa ya manjano. Ndege yake inapitia Addis Ababa, na ukikaa uwanjani huko zaidi ya saa 12 Tanzania inataka uonyeshe kadi. Kadi yenyewe huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano na tangu 2016 inatambulika kwa maisha yote. Aliitia kadi mfuko wa ndani wa jaketi pamoja na pasipoti aliyoandikishia, akaliweka jaketi juu ya kapu, akaenda kuoga. Mlangoni palikuwa na mgeni mwenye mfuko mwingine na maelezo marefu juu ya mfuko huo. Mume wangu alimsikiliza kwa adabu mpaka alipoona saa: dakika 25 za zamu zimekwenda. Akalizoa kapu na vyote vilivyokuwa juu yake, akateremka ngazi. Nyuzi 60.

Mashine hizi zikishajifunga mlango hazifunguki mpaka zimalize. Binti aliteremka na nywele zinachuruzika, tukasimama sote mbele ya kile kioo cha duara. Jaketi lilikuwa likizunguka taratibu. Kila mara mkono wake ulipopita kwenye kioo, binti alikuwa akinong'ona, "Zipu nilifunga. Zipu nilifunga." Alikuwa ameifunga kweli. Haikusaidia. Kadi ilitoka imekuwa uji. Pasipoti ilitoka na jalada lake jekundu la damu ya mzee limevimba, kurasa zimeshikana, na nani angeapa kwamba ile chipu ya ndani bado inasoma?

Mume wangu hakuzungumza mpaka tulipofika juu. Ndipo akamgeukia bintiye akasema, "Mwanangu, nisamehe." Baba zetu hawakutulea kwa neno hilo, na sikumbuki kumsikia wangu akilitamka. Bibi kutoka jikoni akamalizia, "Hukufundishwa kupekua mifuko kabla ya kufua? Mimi nilikufundisha!" Binti akaanza kucheka, kisha akalia, na mambo hayo mawili akayafanya kwa pamoja kwa muda mrefu.

Asubuhi yake baba aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote wawili. Pasipoti za Sweden hutolewa na polisi; unakwenda mwenyewe, wanakupiga picha na kuchukua alama za vidole papo hapo, na siku ya kuchukua unakwenda mwenyewe tena. Mwaka 2022 foleni za pasipoti zilikuwa za miezi, watu wakisafiri mikoa ya mbali kutafuta nafasi. Ingetokea wakati ule, safari ingekufa. Safari hii nafasi ilipatikana. Kliniki walikuwa na kumbukumbu ya sindano, wakaandika kadi nyingine. Kilichosumbua ni kibali, kwa sababu pasipoti mpya ina namba mpya, na ombi lililokuwa Uhamiaji lilibeba ya zamani. Mkuu wa chuo aliandikiwa, akatuma pole, akaomba nakala, akalifuatilia mwenyewe. Mtu ambaye hajawahi kutuona alihangaika ofisini kwa ajili ya mtoto wetu. Tangu siku hiyo sisemi tena kwamba binti anakwenda "kuwasaidia watu wa Tanga" bila kuongeza kwamba wao wameanza kumsaidia yeye.

Katika barua hiyohiyo binti alimwuliza alete nini. Jibu lilikuwa fupi: aje na Kiswahili cha kuzungumza na watoto, na viatu vya kutembelea vumbini. Midoli ya plastiki iliyochakaa, madaftari, fulana zenye nembo, hakutaja hata kimoja.

Hapo nikaamua. Sanduku moja, kilo 23, na ndani yake vitu vyake tu. Hata vitu vyake ilibidi tuvifungue upya, kwa kuwa mama mdogo wake alikuwa amevifunga kimoja kimoja kwenye mifuko ya plastiki, na Tanzania imepiga marufuku mifuko hiyo tangu Juni 1, 2019. Msafiri anaruhusiwa ile midogo ya kufunga kwa zipu yenye sabuni na dawa ya meno, aondoke nayo anapoondoka. Bibi akatoa khanga zake kuukuu na cherehani. Hakushona yeye. Alikaa pembeni akiamuru: kunja, piga bandi, usivute kitambaa, kiache kiende chenyewe. Mfuko wa kwanza ulikwenda upande. Wa pili ulisimama. Ulipofika wa mwisho, bibi aliugeuza ndani nje, akavuta mshono kwa kucha zake pande zote nne, haukufumuka. Akaurudisha bila kusema kitu, akaenda kuswali. Baadaye nilimsikia kwenye simu akimweleza dada yake wa Pangani: "Huyu hana siku mbili za ugeni. Anashuka na jembe lake."

Pasipoti mpya sasa inakaa kwenye kabati la vyombo, rafu ya juu, na ufunguo anao bibi.

Nawaomba basi ndugu zangu wa Jakobsberg, Kallhäll, Barkarby na Kista mlioleta vifurushi: vyote vipo, vimeandikwa majina, njooni mvichukue, binti haendi navyo. Na anayetaka kumsaidia kwa dhati, aje jioni moja akae naye sebuleni wazungumze Kiswahili. Huo ndio mzigo alioagizwa, na hauna kilo.