Waziri wa Nishati wa Nyumbani

Nguzo za umeme zilipofika dukani kwa mangi ziligoma kuendelea. Sisi wa mtaa wa nyuma tukajifungia sola: paneli mbili juu ya bati la jiko, betri chini ya meza, inveta ukutani. Tangu siku ile mimi si baba wa nyumba tena. Ni shirika la umeme, lawama zote zangu, mapato sifuri.

Betri yenyewe ni ya volti 12, ampea-saa 100. Zidisha, unapata wati-saa 1,200. Usishangilie: betri hizi za asidi ukizikamua hadi tone la mwisho hazikai, kwa hiyo fundi alikataza kushuka chini ya nusu. Zinabaki 600. Kwa taa, simu na televisheni ndogo, tunalala bila kudaiwa.

Halafu akaja shemeji kutoka mjini, kaja harusini, na pasi yake ya wati 1,000. Inveta yangu mwisho wake wati 500. Ikapiga kelele, ikazima, nyumba nzima tii! Kutoka gizani nikasikia, "Kumbe na huku mna mgao?" Mgao, na mwenye mtambo nimesimama hapo hapo na taulo!

Jirani naye ana mwembe. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, kwa hiyo tawi moja likitia kivuli pembeni tu, umeme unaopotea ni mwingi kuliko kivuli chenyewe. Nilimwomba kwa adabu alipunguze. "Embe zake mnakula, kivuli mnakikataa?" Alisema hivyo huku amekuja kufuata simu zake, zilizoshinda kwangu zikichajiwa bure.

Lakini aliyenishinda ni mama mkwe. Mchana mmoja jua linachoma utosi, kontrola inasema chaji hakuna. Nikakagua nyaya, nikakaza vichwa vya betri, nikampigia fundi nikamfokea. Mwisho nikaegemeza ngazi jikoni. Paneli zote mbili zimeanikwa makopa ya muhogo, safu kwa safu, yamepangwa kwa mapenzi.

"Baba," akaniambia kutoka chini, "si ulisema hivi ni vya kuvunia jua?"

Makopa yalikauka vizuri ajabu. Sasa ananiuliza nitaongeza lini paneli ya tatu, maana ana dagaa.